Pumzi Aliyoibakisha Salama bin Al-Akwa'



Muhula uliopita, katika somo la Hadithi, tulipewa kazi ya kusoma Hadithi ndefu iliyomo katika Sahih Muslim, Kitabu cha Jihadi, ambayo Iyas bin Salama anaipokea kutoka kwa baba yake, Salama bin Al-Akwa' (r.a.). Wengi wetu tuliisoma usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, nami nilikuwa mmoja wao. Kwa kuwa napenda mbio za masafa marefu, niliruka moja kwa moja hadi kwenye mbio, nikajaza kurasa mbili kuhusu kasi ya Salama, nikapata alama nzuri. Makala haya ni masahihisho ya kazi ile. Nimeyaandika baada ya likizo niliyoitumia Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufukwe wa Ziwa Mweru. Huko ndiko nilikojua kwamba Hadithi ile sikuielewa, na aliyelipa gharama ya kutoelewa kwangu ni binamu yangu.

Kwanza kisa chenyewe kwa ufupi, kwa ambao hawajakisoma. Watu wa Ghatafan walivamia malisho karibu na Madina wakaswaga ngamia wa maziwa wa Mtume (s.a.w.). Salama alikuwa kwa miguu. Alipanda juu ya kilima, akaelekea Madina, akapiga ukelele wa hatari mara tatu, kisha hakungoja jibu. Akawafuata mbio huku akiwarushia mishale. Njia ilipobanwa na milima, yeye alipanda juu akawaporomoshea mawe. Hakuwaacha mpaka ngamia wote wakabaki nyuma yake, na wale wavamizi, ili wawe wepesi wa kukimbia, wakawa wanatupa shuka na mikuki, zaidi ya shuka thelathini na mikuki thelathini. Kila alichokiokota alikiwekea jiwe la alama ili Mtume (s.a.w.) na Maswahaba wakijue, akasonga mbele. Jua lilipokaribia kuzama waliingia bondeni kwenye maji yaitwayo Dhu Qarad wakiwa na kiu kali. Walipomwona bado anakuja nyuma yao, wakayaacha maji bila kuonja hata tone.

Ukisoma haraka utasema, kama nilivyosema mimi, kwamba hiki ni kisa cha mtu mwenye miguu ya ajabu. Lakini tazama yanayofuata, ambayo kwenye kazi yangu niliyapitia kwa mstari mmoja.

Usiku ule Mtume (s.a.w.) alimkuta penye maji. Salama akaomba achague watu mia moja awafuate maadui asibakishe hata mmoja. Mtume (s.a.w.) alicheka mpaka magego yake yakaonekana kwenye mwanga wa moto, akamweleza kwamba watu wale sasa hivi wanakaribishwa chakula kwao Ghatafan. Katika mapokezi ya Bukhari anamwambia, kwa maana yake, kwamba umekwisha kuweza, basi fanya upole. Mkimbiaji aliyekimbia kutwa nzima, na ambaye bado anajiona ana nguvu, anaambiwa inatosha. Asubuhi yake alisifiwa kuwa ndiye bora wa waendao kwa miguu, akapewa mafungu mawili, la mpanda farasi na la mwenda kwa miguu, akapandishwa nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake Al-Adhbaa.

Wakiwa njiani kurudi, Answari mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa mbio akawa anauliza nani atashindana naye hadi Madina. Salama akaomba ruhusa, akapewa, akaruka chini akaanza. Hapa sasa naomba msome polepole. Anasema kwamba alijizuia kwa mwinuko mmoja au miwili, akiibakisha pumzi yake. Akaendelea kumfuata, akajizuia tena kwa mwinuko mmoja au miwili. Baada ya hapo ndipo alipojiachia mpaka akamfikia, akampiga baina ya mabega, akamtangulia kuingia Madina.

Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni *sharaf*, yaani ardhi iliyoinuka. Salama hakujizuia kwenye tambarare. Alijizuia kwenye vilima, mahali ambapo kijana yeyote mwenye jeuri hujikaza ili aonekane. Mtu yeyote aliyewahi kukimbia milimani atakwambia kwamba hii ndiyo elimu yote ya mbio hizo. Mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc, ambazo zilianza mwaka 2003, zina kilomita 170 hivi na jumla ya mwinuko wa takriban mita 10,000, na hata walio mbele kabisa huenda kwa kutembea kwenye miteremko mikali wanapoipanda. Mtanzania Simon Mtuy mwaka 2006 aliupanda na kuushuka Kilimanjaro kwa muda usiofika saa kumi. Jambo la namna ile huwezi kulifanya kwa kukurupuka getini.

Mimi nilikuwa nimejiandikisha mbio za kilomita 50 za milimani, na likizo ilikuwa ya mazoezi. Mjomba wangu anaishi Nchelenge na biashara yake ni samaki wakavu katika soko la Kashikishi, hasa chisense, ambao sisi tungewaita dagaa. Ziwa liko mita mia tisa na kitu juu ya usawa wa bahari, na ufukwe wenyewe ni tambarare. Ukitaka kupanda unakwenda kusini, unapita Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, unafika Mbereshi, na kutoka hapo barabara inaanza kuliacha bonde la Luapula na kupanda kwenye nyanda za juu kuelekea Kawambwa. Siku za kwanza nilijifunza jambo dogo ambalo wasafiri wanalisahau: saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Nilikuwa sijaibadilisha saa yangu, nikaswali Adhuhuri kwa saa ya Dar es Salaam wakati jua halijapinduka. Niliirudia.

Lugha kuu ya pale ni Kibemba, lakini Kiswahili hukikosi, kwa sababu ng'ambo ya ziwa ni Kongo na wafanyabiashara wanavuka kila siku. Kuna pia kambi ya wakimbizi ya Mantapala iliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya hiyo hiyo. Na Waislamu wanaozungumza Kiswahili walifika huku kwa miguu zamani sana. Mwaka 1867 Livingstone alipofika kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh akiwa ameishi hapo miaka mingi, na Tippu Tip mwenyewe alipita nchi hizi. Siwataji kwa fahari, maana misafara ile ilibeba pembe za ndovu na pia watu wenye minyororo. Nawataja kwa sababu nilipokuwa nikikimbia nilijiona mwanzilishi wa jambo, kumbe njia zile zimekanyagwa na miguu iliyochoka kuliko yangu.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa Agosti. Nilipanga kilomita 40, yaani 20 kwenda kaskazini kando ya ziwa na 20 kurudi. Binamu yangu ana miaka kumi na minane, anacheza mpira, anabeba magunia ya samaki kutwa, na tangu nifike alikuwa akiniomba twende pamoja. Tulikubaliana kwamba ataishia kwenye kijiji fulani, kama kilomita 15, kisha arudi kwa basi dogo. Tukaswali Alfajiri, tukanywa chai, saa moja na nusu tukaondoka.

Tulipofika kile kijiji alikuwa anacheka na kuongea. Mimi nilimwangalia nikasema moyoni, huyu anaweza. Nikamwambia tuendelee. Kusema kweli sikuwa nimefikiria afya yake. Nilikuwa nimefikiria jinsi nitakavyowasimulia wenzangu chuoni kwamba nilimtoa kijana sokoni nikamkimbiza kilomita 40 kwa mara ya kwanza. Mnakumbuka katika Suratul Kahf jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyosema kwa kijana wake kwamba wamepata uchovu katika safari yao. Katika Sahih Bukhari imekuja kwamba Musa hakuuhisi uchovu ule mpaka alipopapita mahali alipoamrishwa. Samaki alikuwa ameshaingia majini huko nyuma. Nimeisoma Sura ile kila Ijumaa tangu utotoni, na siku ile nilipita mahali petu pa kusimama bila kukumbuka lolote.

Njia ilikuwa mchanga mzito, nyavu zilizoanikwa, mitumbwi ya kuruka. Jua likapanda. Mimi nilikuwa na tende na karanga zenye chumvi, nikila kidogo kidogo. Yeye alisema hawezi kula akikimbia, kwa hiyo alikunywa maji tu, na kila tulipopita kisima cha pampu alijaza chupa na kunywa tena. Nilimsifu kwa hilo. Nilidhani maji mengi ni tahadhari.

Adhuhuri iliingia tukiwa tumeshageuza. Akaniuliza, "Kaka, hatuswali?" Nikamjibu kwa kujiamini kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, "Sisi leo ni wasafiri, tutachanganya na Alasiri nyumbani, tena kwa kupunguza." Tukaendelea.

Karibu saa nane alianza kubaki nyuma. Akasema kichwa kinamuuma. Akatapika mara mbili. Nilimwuliza kwa Kiswahili kama anataka tukae kivulini, akanijibu kwa Kibemba jambo ambalo halikuhusiana na swali. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akianika chisense kwenye mchanga alimtazama usoni akaniambia, "Huyu mutoto iko mugonjwa," akaacha kazi yake, akamshika mkono na kumkalisha chini ya mwembe. Yeye ndiye aliyetafuta baiskeli. Mimi nilisimama tu.

Kwenye zahanati ya kijiji mhudumu hakuuliza tumekimbia kilomita ngapi. Aliuliza kijana amekunywa maji kiasi gani na amekula nini. Nilipomweleza, alinifafanulia kwamba mtu akitokwa jasho kwa muda mrefu anapoteza maji na chumvi, na akirudisha maji matupu kwa wingi bila chumvi, chumvi ya damu inazidi kupungua mpaka ubongo wenyewe unaathirika. Kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, zote ni dalili zake, na ikizidi inaua. Alimzuia asiendelee kunywa maji, akamlaza, akawa anampima na kumsemesha kila baada ya muda. Baadaye yule mama alileta mchuzi wa samaki wenye chumvi kali, na kwa ruhusa ya mhudumu akapewa kijiko baada ya kijiko. Ilipofika Alasiri alikuwa anajibu vizuri. Aliswali akiwa amekaa.

Mimi Adhuhuri nilikuwa nimeiswali uani kwa zahanati, imebaki chini ya nusu saa wakati wake utoke. Nilifunga swala kwa nia ya rakaa mbili. Nilipotoa salamu nikakaa, nikajiuliza kwa mara ya kwanza siku hiyo: msafiri kwa dalili gani? Nikainuka nikaiswali upya rakaa nne.

Hapa ndipo penye somo la Fiqhi, na naliandika kwa sababu nimegundua wakimbiaji wenzangu wengi wana kosa lile lile. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumelelewa nayo, safari ya kupunguza swala ni ya marhala mbili, sawa na maili 48 za zamani, ambazo wengi wa waandishi wa sasa wanazikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Umbali huo unahesabiwa kwa kwenda peke yake. Kurudi hakujumlishwi. Anayekimbia kilomita 20 na kurudi 20 amesafiri 20 kwa hesabu ya wanazuoni, na hata angekwenda 45 na kurudi 45 bado hajafika. Isitoshe, mimi kwa mjomba nilikuwa mkazi wa wiki nyingi. Sikuwa na rukhsa ya kupunguza, wala ya kuchanganya kwa ajili ya safari, maana kuchanganya nako kwa kauli iliyotegemewa katika madhehebu kunataka safari ndefu kama hiyo.

Hali inabadilika kwa aliyetoka mbali. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Moshi kukimbia kilomita 50, na hukunuia kukaa siku nne kamili ukiacha ya kufika na ya kuondoka, wewe ni msafiri kwa sababu ya ile safari ya basi, na siku ya mbio unapunguza kama siku nyingine. Na ziko mbio ambazo zenyewe ni safari. Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1921, inakimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90 kwa upande mmoja, na mtu ana saa 12 za kuimaliza. Mwendo ambao wanazuoni waliupimia kwa siku mbili za ngamia wenye mizigo mtu anaumaliza kwa miguu kabla ya Magharibi! Je, wepesi huo unaondoa rukhsa? Hapana. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba baharini ni kama nchi kavu, na mtu akiukata umbali ule kwa saa moja bado anapunguza. Mazingatio ni umbali. Kuhusu mbio za duara, kama zile za Mont Blanc zinazoanzia na kuishia Chamonix, nimemwachia ustadhi wetu swali hilo na ameahidi kulijibu darasani.

Ila nisijifiche nyuma ya hesabu. Hata ningekuwa msafiri, sababu yangu ya kuipitisha Adhuhuri haikuwa rukhsa. Sikutaka saa yangu ya mazoezi isimame. Swala ya rakaa nne na udhu wake haifiki dakika kumi, na kwenye mbio zozote za milimani watu wanatumia muda zaidi ya huo mezani wakila viazi na chumvi. Laiti tungesimama saa sita na nusu tukakaa kivulini, tukatawadha, ningeuona uso wa binamu yangu kabla ya yule mama kuuona. Ningemwona anavyoyumba akiinuka kutoka kwenye sijda.

Mjomba hakunigombeza. Usiku ule aliniuliza swali moja tu, kwamba mambo haya ya kukimbia mpaka mtu aanguke, dini inayaruhusu? Nilimpa dalili nilizokuwa nazo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, baadaye akashinda yeye, na alimruhusu Salama kushindana na Answari. Kwa hiyo asili ya mbio ni halali, na dada zetu wanaoulizwa kila siku kwa nini wanakimbia wana dalili yao hapo, wakichunga stara na mahali. Lakini mjomba alikuwa anauliza kitu kingine, na kwa hicho dalili iko upande wake. Anas (r.a.) amesimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili. Alipoambiwa kwamba ameweka nadhiri ya kutembea, alieleza kwamba Allah hana haja na mtu huyu kuiadhibu nafsi yake, akamwamrisha apande mnyama. Huyo mzee nia yake ilikuwa ibada. Nia yangu mimi ilikuwa kusifiwa chuoni, tena nafsi niliyoiadhibu haikuwa hata yangu.

Nilikaa na Hadithi ya Salama upya baada ya hapo, safari hii kwa sharhe yake, na ndipo nilipoona kwamba kujizuia kumo ndani yake mara mbili, kwa amri ya Mtume (s.a.w.) pale Dhu Qarad na kwa hiari ya Salama mwenyewe kwenye vilima vya Madina. Kwenye kazi yangu ya muhula sikuandika hata moja kati ya hizo.

Kabla sijarudi, binamu yangu alikuwa amepona kabisa na mhudumu amemruhusu kufanya mazoezi mepesi. Tulipanda basi dogo hadi Mbereshi asubuhi na mapema, tukaanza kupanda njia ya Kawambwa, kilomita nane tu, kila mmoja na karanga zake za chumvi mfukoni. Njiani nilimsimulia kisa cha Salama chote. Kwenye mwinuko wa kwanza akatembea. Kwenye wa pili akatembea tena, mimi nikawa mbele nikimwita. Barabara ilipolala kidogo nilisikia hatua nyuma yangu, na kabla sijageuka nikapigwa kofi baina ya mabega.